Je, Wajua? Kutoka Kambini Hadi Bungeni

Je, wajua kwamba mwaka 1972, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu kuja Kigoma kunusuru maisha yao, huko Minnesota nchini Marekani mama mmoja aitwaye Phyllis Kahn alikuwa anachaguliwa kuingia bunge la jimbo hilo? Alikaa humo miaka 44. Aliyekuja kumng'oa, katika kura za maoni za chama chao mwezi Agosti 2016, alikuwa mkimbizi: Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu.

Je, wajua Ilhan alipitia wapi? Vita vya Somalia vilimkuta ana miaka minane. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, hivyo alilelewa na baba na babu. Familia ilikaa miaka minne kambini nchini Kenya kabla ya kupelekwa Marekani. Sisi wa Mabamba hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini: Nduta iko hapa Kibondo, Nyarugusu iko Kasulu, na mwaka 2015 Mabamba ilikuwa mmoja wa milango ambayo Warundi waliingilia. Wako waliotoka katika kambi za Kigoma ambao leo ni raia wa Marekani na wanapiga kura huko.

Je, wajua siasa alifundishwa na nani? Na babu yake. Mzee alitaka kuiona demokrasia ikifanyika mbele ya macho yake, ila Kiingereza hakukijua. Akamchukua mjukuu wake, msichana wa miaka 14 hivi, akamketisha kando yake kwenye mkutano wa chama wa mtaani ili amtafsirie. Hoja ikitolewa, binti anamgeuzia babu kwa Kisomali. Kazi hiyo watoto wengi wa kambini wanaifanya mpaka leo, zahanatini na ofisini, na hakuna anayewahesabia kuwa ni elimu. Ni elimu kubwa.

Je, wajua kwamba mkutano wa chama kama huo ulikuja kumuumiza? Februari 2014, akiwa msaidizi wa diwani mmoja wa Minneapolis, vurugu zilizuka kwenye mkutano wa chama, akashambuliwa na kuumizwa kichwa. Hakuacha. Miaka miwili baadaye akawa Msomali wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa kuwa mbunge wa jimbo.

Alikaa muhula mmoja tu katika bunge hilo, Januari 2017 hadi Januari 2019, chama chake kikiwa upande wa wachache.

Je, wajua ni kosa gani lililothibitishwa dhidi yake? Juni 2019 bodi ya Minnesota inayosimamia fedha za kampeni ilikuta kwamba fedha za kamati yake ya uchaguzi zilitumika isivyo halali, zikiwemo za safari na za kurekebisha mahesabu ya kodi. Akaamriwa kurudisha karibu dola 3,500 na kulipa faini ya dola 500. Mwaka huohuo, akiwa sasa katika Kongresi ya Marekani, aliandika kwamba wanasiasa wanaiunga mkono Israeli kwa sababu ya fedha. Wayahudi wengi walisikia humo kejeli ya kale dhidi yao, wakaumia. Aliomba radhi waziwazi.

Hayo ni mambo ya haki kumuuliza mbunge yeyote, awe amezaliwa Mogadishu au Minneapolis.

Lakini Julai 2019 Rais Donald Trump aliwaambia wabunge wanne wanawake, yeye akiwemo, warudi walikotoka. Watatu kati yao walizaliwa Marekani! Siku chache baadaye umati katika mkutano wa hadhara ukapaza sauti kwamba Ilhan arudishwe kwao. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa limekwisha kuyalaani maneno ya Trump kwa kura 240 kwa 187. Februari 2023 baraza hilohilo, likiwa mikononi mwa chama cha Trump, lilimwondoa kwenye kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 kwa 211.

Je, wajua aliyekaribia kumshinda ndani ya chama mwaka 2022 ni nani? Don Samuels, mzaliwa wa Jamaika. Mhamiaji kwa mhamiaji.

Na je, wajua kwamba mambo haya ya wahamiaji kuingia bungeni hayakuanzia Marekani? Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China, alikuwa mbunge wa Dar es Salaam na waziri wa Nyerere. Ndiye pia aliyemwoa Jane Goodall wa Gombe, mkoani kwetu. Sophia Mustafa, aliyezaliwa India na kukulia Kenya, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika katika uchaguzi wa 1958. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi ya mtu, Nyerere alisema wakishinda yeye atajiuzulu. Wakashindwa.

Hata hivyo, miaka 40 baadaye, 2001, serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia. Ilibidi aombe uraia wa nchi aliyoitumikia.

Je, wajua Katiba yetu inasemaje? Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na amependekezwa na chama. Haisemi raia wa kuzaliwa. Sharti hilo ni la urais. Kwa hiyo, kati ya Warundi zaidi ya 162,000 waliopewa uraia wetu, hatua iliyokamilishwa mwaka 2014, yeyote mwenye sifa hizo anaweza kusimama.

Waha wa mpakani tunalijua vizuri swali la "babu yako amezikwa wapi?", kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana na jina halionyeshi upande wa mpaka. Basi kampeni zikifika Mabamba na mtu akasimama kusema mgombea fulani ni Mrundi, muulizeni kwa heshima: mgombea huyo ni raia au si raia? Kama ni raia, aambiwe mpinzani wake aeleze barabara, maji na bei ya maharage.