Pamba au Poliesta: Tazama Kamba ya Kuanikia

Baibui la nida, kanga mbili za pamba na suruali ya jinzi vikifuliwa na kuanikwa pamoja asubuhi, katika ua wowote wa Tanga au Mombasa, baibui ndilo hukauka kwanza. Kanga hufuata. Jinzi huenda ikafika alasiri pindo zake zikiwa bado mbichi. Mwenye nguo akilisifu baibui kwa hilo hakosei. Lakini sifa hiyohiyo ya kambani ndiyo itakayomtesa saa saba mchana, akiwa amebanwa ndani ya daladala: jasho linamtiririka mgongoni na kitambaa hakilipokei.

Tofauti kubwa kati ya vitambaa vya asili na vya kutengenezwa kwa kemikali inaanzia hapo, kwenye maji.

Pamba ni zao la shamba, na nyuzi zake zimejengwa kwa selulosi, kitu kinachopenda maji. Maabara za nguo hupima tabia hiyo katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Katika hali hiyo gramu 100 za pamba kavu hujivutia gramu 8 hivi za maji kutoka hewani, bila kuloweshwa na mtu. Kitani huvuta gramu 12 hivi, na sufu ya kondoo hufikia 16. Nailoni hupata gramu 4. Poliesta haifikishi hata nusu gramu.

Nida ya mabaibui mengi ni poliesta, na poliesta ni ndugu wa chupa ya maji ya dukani: vyote viwili ni plastiki ya aina moja, inayotokana na mafuta ya petroli. Wanakemia wawili Waingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliibuni mwaka 1941 wakiwa wafanyakazi wa Calico Printers' Association ya Manchester. Mwishoni mwa miaka ya 1950 makampuni ya Kijapani Teijin na Toray yakaitengeneza kwa jina la Tetoron, na wazee waliowahi kuvaa suruali za tetroni wanaukumbuka mstari wake wa pasi uliokaa wima wiki nzima. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi za nguo zinazozalishwa duniani ni poliesta. Pamba imebakiwa na kama moja ya tano.

Ushindi huo haukuja bure. Maji yasipoingia ndani ya uzi, uzi hauvimbi wala haubadili umbo, kwa hiyo nguo hairudi baada ya kufuliwa na haikunjamani ovyo. Rangi nayo huingizwa kiwandani kwa joto la nyuzi 130 hivi na kwa shinikizo, ikiisha kuingia haitoki kwenye beseni la kufulia. Ndiyo maana sare nyingi za shule hushonwa kwa kitambaa cha mchanganyiko, mara nyingi poliesta asilimia 65 na pamba 35. Mzazi anayefua sare moja usiku ili ivaliwe kesho asubuhi ana sababu nzuri ya kuchagua mchanganyiko huo.

Poliesta ikivaliwa, hesabu hubadilika. Bibi aliyetia maji mtungini jioni na kuyakuta ya baridi alfajiri alikuwa akitumia kanuni ileile ya jasho. Udongo wa mtungi hunywa maji kidogo na kuyafikisha nje, nayo yakigeuka mvuke huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndoo ya plastiki haipozi maji hata ikikaa kivulini mwezi mzima. Mwili vilevile hupozwa na jasho linalogeuka mvuke, wala si linalotiririka. Shati jepesi la pamba hulinywa jasho, hulitandaza na kuliachia hewa. Shati la poliesta lililofumwa kwa kubana huliacha juu ya ngozi, na matokeo yake ni kunata, kuwashwa na mara nyingine harara, hasa kwa watoto wachanga.

Hata hivyo uzi si kila kitu. Ufumaji na ushonaji vina neno lao. Jinzi ni pamba, na hakuna anayeitamani Dar es Salaam mwezi wa Februari. Hewa ya pwani ikiwa yenyewe imejaa unyevu, jasho hukauka polepole hata kwenye pamba, na msaada hutoka kwenye nafasi kati ya nguo na mwili. Kanzu, dera na kanga ya kujifunga ni mavazi yanayopitisha hewa kutoka chini hadi juu. Mapokeo ya pamba katika pwani hii ni ya kale: katika magofu ya Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyotobolewa tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba karne nyingi kabla ya merikani ya karne ya 19 kuletwa na meli za Massachusetts.

Harufu ni sura nyingine ya kisa hikihiki. Uzi unaokataa maji hupenda mafuta, na jasho la kwapani lina mafuta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakiongozwa na Chris Callewaert, walichukua fulana za watu 26 waliokuwa wamefanya mazoezi makali ya baiskeli, wakazihifadhi kabla ya kuwanusisha wapimaji. Fulana za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa kundi la Micrococcus walionekana kustawi zaidi kwenye poliesta. Anayelalamika kwamba shati lake lililofuliwa vizuri hurudisha harufu mara tu anapotoka jasho, kwanza asome lebo ya shati.

Mbona basi wanariadha wa mbio ndefu na wachezaji mpira huvaa poliesta? Kwa sababu jasho lao ni jingi mno. Fulana ya pamba hulinywa mpaka inalowa, inakuwa nzito na kuchubua ngozi. Jezi ya michezo hutengenezwa kwa nyuzi laini zenye mifereji, ikafumwa kwa matundu, ili jasho lisafiri juu ya uzi hadi nje na kukauka haraka. Baridini hoja huwa nzito zaidi. Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro huonywa wasivae pamba mwilini, kwani ikilowa haikauki na humpoza mtu mahali ambapo kupoa ni hatari. Sufu, au sweta nyepesi ya poliesta ya mtumbani, hufaa kuliko fulana ya pamba kwa mtu wa Makete au Njombe anayeamka alfajiri ya Julai.

Katikati ya pande hizi mbili kuna viskosi, kitambaa cha madera mengi yanayoteleza mkononi. Hutokana na miti iliyosagwa na kuyeyushwa kwa kemikali, kisha ikavutwa kuwa uzi. Kwa kuwa ni selulosi, hunywa jasho vizuri, tena kuliko pamba. Udhaifu wake huonekana kwenye beseni: viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, ilhali pamba ikilowa huzidi kuwa imara. Kanga inaweza kukamuliwa kwa mikono miwili bila huruma. Dera la viskosi libanwe taratibu na lianikwe likiwa bado linadondosha maji, lisisokotwe.

Jikoni tahadhari ni kwa wote. Pamba hushika moto upesi. Poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na hapo jeraha huwa baya. Mtandio wa poliesta unaoning'inia juu ya jiko la gesi au la mkaa ni hatari ya kila siku. Mpishi avae nguo ya pamba iliyo nzito kidogo, isiyo na mikono mipana.

Mnunuzi atajuaje anachonunua, hasa mtumbani ambako lebo nyingi zimeshakatwa? Njia ya kuaminika ni kuchomoa uzi mmoja, auchome moto nyumbani kwake juu ya sahani. Uzi huo utolewe kwenye kitambaa chenyewe, upande wa ndani wa pindo, usiwe wa mshono; uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba tupu. Pamba huwaka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Viskosi hufanya vivyo hivyo. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kishanga kigumu kisichopondeka kwa vidole. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko huacha jivu lenye punje ngumu ndani yake. Kipimo cha kudondosha tone la maji juu ya kitambaa, kinachopendwa na wengi, hudanganya kwenye kanga mpya, kwa sababu wanga wa kiwandani huyazuia maji mpaka nguo ifuliwe.

Yuko pia anayetaka kuchagua kwa ajili ya mazingira, na kwake jibu si jepesi. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walionyesha mwaka 2016 kwamba ufuaji mmoja wa kilo 6 za nguo za akriliki kwa mashine unaweza kutoa vinyuzi vya plastiki zaidi ya 700,000, ambavyo vingine huishia baharini. Lakini pamba ya kumwagilia ndiyo iliyochangia sana kukausha Bahari ya Aral huko Asia ya Kati. Pamba ya Shinyanga na Simiyu kwa sehemu kubwa hutegemea mvua, jambo linaloipa sifa njema, ingawa nyingi huuzwa nje kabla ya kusokotwa uzi.

Kwa matumizi ya kila siku katika nchi ya joto, uamuzi ni huu: nguo inayogusa ngozi, yaani nguo za ndani, fulana, nguo za kulalia na za mtoto mchanga, iwe pamba. Sare na shati la kazi linalofuliwa kila siku linaweza kuwa la mchanganyiko, mradi pamba isiwe kidogo mno. Poliesta tupu ibaki kwa koti la mvua, jezi na baibui, na baibui likae juu ya gauni la pamba. Watengenezaji wa kanga nao, ambao kila doti huichapa jina na pembeni huweka alama ya kampuni yao, wanaombwa waongeze mstari mmoja mdogo kwenye pindo: pamba asilimia ngapi, poliesta asilimia ngapi.