Manyoya ya Jogoo Yauzwayo kwa Hesabu

Huenda mwanachama akauliza: manyoya ya jogoo yanahusu nini karafuu? Twamwomba asome mpaka mwisho, kwani habari hii ni ya wakulima wenzetu wenye zao moja dogo, nao hulitunza sana.

Kaskazini ya Hispania, katika jimbo la León, liko bonde la mto Curueño. Katika vijiji vyake, kama La Vecilla, wakulima hufuga majogoo, si kwa ajili ya nyama, bali kwa ajili ya manyoya. Wanunuzi ni wavuvi wa mtoni, wavuao samaki aitwaye trauti.

Trauti hula vidudu vyenye mabawa vinavyotua juu ya maji. Basi mvuvi hutengeneza kidudu cha uongo. Huchukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi uwe mwili, kisha akafungia vinyweleo vya unyoya viwe mkia, miguu na mabawa. Unyoya laini haumfai, kwani hunywa maji na kulegea. Unyoya wa jogoo wa León una vinyweleo vigumu vinavyosimama, tena vinang'aa, hata samaki akadhani ni bawa la kidudu hai.

Majogoo hao ni wa namna mbili. Indio manyoya yake hayana madoa, mengine rangi ya chuma, mengine meusi. Pardo ana madoadoa ya hudhurungi. Kila rangi ina jina lake, na mvuvi huichagua kwa majira, maana vidudu vya mtoni hubadilika. Ujuzi huu ni wa zamani: mwaka 1624 Juan de Bergara aliandika kwa mkono maelezo ya vidudu hivyo, mwezi kwa mwezi, pamoja na manyoya yanayofaa. Andiko hilo hujulikana kwa jina la mji wa Astorga.

Sasa tutazame uvunaji wao. Jogoo hachinjwi. Manyoya ya mgongoni na ubavuni yakikomaa, hung'olewa kwa mkono mara kadhaa kwa mwaka, na mengine huota mahali pake. Unyoya mchanga hauguswi: shina lake lingali na damu, ndege ataumia, na unyoya wenyewe haufai kitu. Kisha manyoya huchaguliwa kwa rangi na kufungwa mafungu ya 12. Marekani majogoo wa manyoya kwa kawaida huchinjwa, ngozi ikauzwa nzima. Mwenye kuchinja hupata mara moja. Mwenye kungoja huvuna tena.

Hapo ndipo habari hii inapofika shambani kwetu. Mchumaji avunjaye tawi ili azifikie karafuu upesi amechuma na mavuno ya miaka ijayo. Na achanganyaye karafuu na makonyo ajue kwamba mnunuzi ana macho, kama yule mvuvi ahesabuye manyoya 12.

Hatusemi kwamba jogoo wetu wa kuchi ana manyoya ya namna hiyo. Twasema hivi: watu wa Curueño wangaliacha majogoo wao wachanganyike na kuku wowote, leo wasingekuwa na cha kuuza. Kabla hujaiacha mbegu ya wazee ipotee, iwe ya kuku au ya mkarafuu, ijue kwanza. Ikishapotea hainunuliki.