"Nzuri" Isiyo Nzuri

Ukimuuliza Mswahili "habari za nyumbani?" atakujibu "nzuri", hata kama ameamkia hospitalini. Si uongo huo. Mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kuwa yapo mazungumzo yasiyonuiwa kupasha habari bali kuunganisha watu. Maamkizi yetu ni ya jinsi hiyo, ila yana ziada. Baada ya "nzuri" huja kimya kidogo, macho huenda pembeni, kisha mtu husema, "Ila mtoto ndiye hajambo kidogo." Hapo ndipo habari yenyewe hutoka. Mkiwa mmeketi barazani, hiyo "ila" utaisubiri.

Kwenye simu je? "Hbr prof," wanafunzi wangu huniandikia. Najibu, nauliza zao, inarudi "poa" na kikatuni kinachocheka. Basi, imekwisha hiyo! Muhula uliopita mmoja wao alinipa "poa" wiki tatu mfululizo. Alipofika ofisini alisema "poa" ileile, lakini sauti ikamkatikia katikati. Nikamvutia kiti. Alikuwa amemzika mamake, na karo ilikuwa haijalipwa. Tulizungumza hadi adhuhuri.