Watoto Waulizwe Kabla Mwalimu Hajapokelewa

Tunapotafuta mtu wa kutusaidia kulea mtoto nyumbani, tunatazama kwanza namna mtoto anavyomkaribia. Kwenye masomo hatufanyi hivyo. Mwalimu anapokelewa, sentineli anapokelewa, na watoto watakaoshinda naye wanamwona akiisha kuingia.

Huko Uingereza masomo mengi yana desturi nyingine. Wanafunzi wachache wa madarasa mbalimbali wanafundishwa kwanza namna ya kuuliza na kutunza siri. Anayeomba kazi anafundisha somo moja darasani, halafu anaketi mbele yao. Utafanya nini mtoto asipoelewa? Ukikasirika je? Kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale. Watoto wanatoa mawazo yao, wakubwa ndio wanaokata shauri.

Si kila mahali ilienda vizuri. Mwaka 2010 chama cha walimu cha huko, NASUWT, kilinung'unika kwamba walimu wengine walidharauliwa. Mmoja alikataliwa juu ya sura yake tu. Kwangu kosa hilo ni la wakubwa waliowaacha watoto bila kuwaongoza.

Nchi yetu ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Mwalimu anayetumwa na leta ana njia yake. Lakini yule anayelipwa kwa franka za wazazi, sentineli, mama wa usafi, wanatafutwa na masomo yenyewe, na komite ya wazazi inaweza kusema neno.

Mimi ningeanza na wasichana. Wao wanaona upesi mwalimu asiyewauliza swali hata moja, na yule anayewatazama vibaya. Tunajua wote habari za pointi zinazouzwa kwa mwili. Hata hivyo tusiwabebeshe mzigo wetu: mtoto hawezi kujua kwa nini mtu aliacha masomo ya zamani. Kupiga simu kule na kuuliza ni kazi ya komite. Tena, karatasi ya mtoto isiandikwe jina, kwani yule aliyesemwa akipokelewa, ndiye atakayempa pointi.

Kwa hiyo, kabla ya mwezi wa tisa, kwenye mkutano wa wazazi, tumuulize prefe au direkta: ni nani wanaotafutwa mwaka huu, na ni wanafunzi gani watakaokuwako siku ya kuwauliza?