Mnyama Hafungi Duka: Hesabu za Bustani za Wanyama Wakati wa Korona na Maana Yake kwa Soko la Kibondo na Kasulu

WAFANYABIASHARA wa mazao katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, wanaijua vizuri hali ya mnunuzi mkubwa kuondoka sokoni bila kuaga. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, fedha taslimu badala ya mgawo wa chakula. Fedha hizo ziliishia kwa wauzaji wa maharage, unga, dagaa na mawese. Agosti 2017 mpango ukasimamishwa, na aliyekuwa amejaza ghala kwa kuutegemea akabaki anautazama mzigo wake.

Hata hivyo, mwenye gunia la maharage ana nafuu moja. Gunia halili. Likikosa mnunuzi Jumamosi hii, linasubiri ijayo, na hasara yake kubwa ni bumunda na kushuka kwa bei. Hali ni tofauti kabisa kwa mwenye biashara ambayo mali yake inakula asubuhi na jioni, iwe lango limefunguliwa au limefungwa. Huo ndio mtihani uliozikuta bustani za wanyama duniani kote mwaka 2020, pale serikali nyingi zilipoamuru watu wabaki majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19.

Kiwanda kikikosa soko huzima mashine. Hoteli ikikosa wageni huwapa wafanyakazi likizo, ikazima majokofu na kufunga vyumba. Bustani ya wanyama haiwezi kufanya hivyo. Simba mkubwa anayefugwa hula, kwa wastani, kilo kati ya 5 na 7 za nyama kwa siku. Ikichukuliwa bustani ndogo yenye simba 4 kwa kilo 6 kila mmoja, hizo ni kilo 24 kwa siku na kilo 720 kwa mwezi wa siku 30. Kwa ng'ombe wa kienyeji anayetoa kilo 120 za nyama, bustani hiyo inachinja ng'ombe 6 kila mwezi kwa ajili ya simba peke yao. Hapo hajahesabiwa daktari, mlinzi, maji, dawa, wala mtunzaji ambaye lazima aje kazini hata siku ya sikukuu. Lango likifungwa miezi 3, ng'ombe ni 18, na kiingilio ni sifuri.

Mteja wa Entebbe alikuwa mwanafunzi

Mfano wa karibu zaidi uko Uganda. Bustani ya wanyama ya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, ilianza mwaka 1952 kama kituo cha kulelea wanyama yatima, na tangu 1994 imekuwa kituo cha elimu ya wanyamapori kinachojulikana kwa kifupi kama UWEC. Wengi hudhani kwamba bustani ya namna hiyo huishi kwa dola za watalii wa Ulaya. Sivyo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wageni wa Entebbe wamekuwa watoto wa shule, wanaoletwa kwa mabasi na walimu wao, kila mmoja na kiingilio chake kidogo.

Kibiashara huo ulikuwa mpango mzuri. Mteja wa ndani haogopi tetesi za vita nchi jirani, hategemei ndege, na kila mwaka darasa jipya linakuja. Lakini Machi 2020 Uganda ilifunga shule zote. Mwezi huohuo usafiri wa umma ulipigwa marufuku, kisha na magari binafsi, na watu wakaamriwa kubaki majumbani. Katika miezi iliyofuata baadhi ya madarasa yalirudi kwa awamu, lakini shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili! Wafanyabiashara wa vitabu, sare na vyakula vya shuleni wa Kampala walipata pigo hilohilo, ila wao hawakuwa na simba nyuma ya duka.

Entebbe ililazimika kuomba. Uongozi uligeukia wahisani, na mpango wake wa mtu au kampuni kumlea mnyama mmoja kwa kulipia chakula chake ukawa na umuhimu kuliko hapo awali. Kisiwani Ngamba, ambako sokwe yatima wapatao 50 wametunzwa tangu mwaka 1998, shida ilikuwa ileile. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kina ekari 100 hivi, na msitu wake hautoshi kuwashibisha, kwa hiyo matunda, mboga na uji lazima vinunuliwe bara na kuvushwa kwa boti. Watalii walipokosekana, boti ililazimika kuendelea kwenda. Tena sokwe huambukizwa mafua ya binadamu kwa urahisi, hivyo hata ambapo wageni wangeweza kupatikana, kuwakaribisha kulikuwa hatari kwa mali yenyewe.

Aliyeuza kwa mwaka na aliyeuza kwa siku

Nairobi kulikuwa na hesabu nyingine. Kituo cha Sheldrick cha kulea tembo yatima nacho kilifunga lango lake Machi 2020, na saa ile moja ya mchana ambayo watalii hupanga mstari kuwaona tembo wadogo wakinyonyeshwa maziwa kwa chupa ikafutwa. Lakini kituo hicho hakikuwa kikiishi kwa saa moja hiyo. Kwa miaka mingi kabla ya korona kilikuwa kimejenga orodha ya watu wa nchi mbalimbali wanaojiandikisha kuwa walezi wa tembo fulani kwa mchango usiopungua dola 50 za Marekani kwa mwaka, nao hupelekewa habari na picha za tembo wao. Mlezi wa London au Chicago hakuwa amepanga kuja Nairobi, kwa hiyo kufungwa kwa viwanja vya ndege hakukumwondolea sababu ya kulipa.

Tofauti ya wawili hao si ukubwa wala sifa. Mmoja alikuwa akiuza tiketi ya leo, mwingine alikuwa amekwisha kuuza mwaka mzima kwa watu wasiokaa mji mmoja. Muuza duka wa Kibondo anayetegemea mishahara ya watumishi wa mashirika ya misaada peke yake anafanana zaidi na Entebbe kuliko na Sheldrick.

Ulaya, penye fedha nyingi, mambo hayakuwa mepesi. Aprili 2020 bustani ya Neumünster, kaskazini mwa Ujerumani, ilikiri kwamba imeandaa orodha ya wanyama watakaochinjwa kwanza ili kuwalisha wenzao endapo fedha zingekwisha. Haikufikia huko, lakini habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Uingereza ilitenga pauni milioni 14 mwezi Mei kuzisaidia bustani zilizokuwa taabani, na baadaye mfuko mkubwa zaidi wa pauni milioni 100. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mfuko huo wa pili haikutumika. Masharti yalimtaka mwombaji awe amekaribia kumaliza akiba yake yote ndipo asaidiwe, na mwenye wanyama mwenye akili hasubiri kufika hapo. Hupunguza wafanyakazi, huahirisha ukarabati, hukopa. Mkopaji yeyote aliyewahi kwenda benki akaambiwa alete dhamana ambayo, kama angekuwa nayo, asingehitaji mkopo, ataielewa hadithi hiyo.

Kigoma iliumizwa na lango la kaskazini

Tanzania haikuamuru watu wote wafungiwe majumbani. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa Aprili 12, zikaruhusiwa tena Mei 18, na hifadhi za taifa hazikufungwa. Lakini lango lililo wazi lisilo na mgeni halina tofauti kubwa na lililofungwa. Watalii wa kigeni walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Yaani kati ya kila watalii 10, karibu 6 hawakuja. Mapato ya utalii yalishuka zaidi, kutoka dola bilioni 2.6 hadi takriban dola milioni 715.

Mfanyabiashara wa Kasulu anaweza kuuliza hilo linamhusu nini, kwa kuwa watalii wa Serengeti hawapiti Makere. Linamhusu kwa njia ya mfuko. Kwa muda mrefu ni hifadhi chache tu, zikiongozwa na Kilimanjaro na Serengeti, zilizokuwa zikiingiza zaidi ya zinavyotumia. Nyingine zote, zikiwamo Gombe na Mahale za mkoani Kigoma, ziliendeshwa kwa ziada ya hizo chache. Gombe ina jina kubwa tangu Jane Goodall alipoanza utafiti wa sokwe pale Julai 1960, lakini jina si mapato, na idadi ya wageni wanaoweza kuwakaribia sokwe ni lazima iwe ndogo kwa sababu ileile ya mafua. Kwa hiyo mshahara wa askari wa hifadhi wa Kigoma ulikuwa ukitoka, kwa sehemu, mfukoni mwa mpanda mlima wa Kilimanjaro. Mpanda mlima alipobaki kwao, kamba ilikatika juu, na mzigo ukaanguka chini.

Katikati ya mtikisiko huo Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ikabadili mkondo wenyewe. Kuanzia Julai mwaka huo mapato ya TANAPA, ya Ngorongoro na ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) yalielekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na taasisi hizo zikawa zinasubiri bajeti. Wako walioona kwamba uhuru wa taasisi umepotea. Lakini kwa mwaka ule mmoja, ambapo la kukusanya lilikuwa kidogo mno, kuwa na Hazina nyuma kulikuwa afadhali kuliko kutegemea lango tupu.

Upande wa mashariki wa wilaya hizi liko Pori la Akiba Moyowosi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, ya kwanza kwa Tanzania. Huko mteja si mtalii wa kamera bali mwindaji, anayefuata nyati na nzohe wa kwenye matete, na ambaye msimu wake huanza Julai. Mwindaji ni mteja mwenye thamani kubwa lakini ni mmoja mmoja. Kambi ya uwindaji huhitaji wapishi, madereva, wafuata nyayo na chakula, na sehemu ya ada za uwindaji hurudi katika halmashauri za wilaya. Mwindaji wa Marekani aliyeahirisha safari mwaka 2020 aliacha pengo ambalo mabasi 20 ya wanafunzi yasingeliziba, hata kama yangeweza kufika huko kwenye matope.

Waliobaki na mabanda

Lakini mfano unaomhusu zaidi mwekezaji mdogo ulitangulia korona. Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Wafanyabiashara waliokuwa na leseni, na ambao tayari walikuwa na ndege, mijusi, kobe na wengineo katika mabanda, waliamka wakiwa wamekosa soko lao lote. Wanyama wale hawakuwa gunia. Waliendelea kula. Juni 2022 TAWA ilitangaza ruhusa ya miezi 6 kwa wafanyabiashara hao kuondoa wanyama waliosalia, na tangazo hilo likasitishwa na Wizara ya Maliasili na Utalii karibu mara moja baada ya kelele za wananchi. Miaka 6, na mtaji ungali bandani.

Watu wenye mashamba katika miinuko ya Kigoma, yenye mvua ya kutosha na malisho, wanaweza kuvutiwa na wazo la bustani au shamba la wanyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kwa kibali, na kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu maduka ya nyamapori, jambo linalompa mwenye swala chanzo cha pili cha fedha ambacho mwenye simba hana. Hesabu ya kwanza ya kuandika si ya tiketi. Ni ya kilo za chakula kwa siku, zikizidishwa kwa siku 180 bila mgeni hata mmoja. Asiyeweza kuifadhili hesabu hiyo kutoka mahali pengine, iwe maharage, kahawa au asali, ajue kwamba anafungua biashara ambayo hataweza kuifunga.

Na yuko mtu wa tatu ambaye ripoti za mwaka 2020 zilimgusa kidogo sana: anayeuza chakula hicho. Nyuma ya kila bustani iliyofungwa palikuwa na mchinjaji, mkulima wa ndizi na mkata majani waliokuwa wakipeleka mzigo kwa mali kauli. Kwao swali halikuwa kama simba atakula, kwa maana aliendelea kula, bali ni nani atakayelipa. Mkata majani aliyezoea kulipwa kila Jumamosi aliweza kupoteza mzigo wa wiki moja. Aliyekubali kulipwa kila mwisho wa muhula alikuwa amekwisha kuwalisha wanyama wa mtu mwingine kwa mtaji wake miezi mitatu mizima.