UGANDA: TULIUZA CHAKULA CHETU



Hapa Uganda tukisema posho tunataja ugali wa mahindi. Ndugu zetu wa Tanzania wakisema posho wanataja fedha. Sisi wa kamati ya chama katika kiwanda chetu tulibadilisha posho ya kwanza kwa ya pili, tukadhani tumeshinda.

Zamani jiko la kiwanda lilitupa ugali, maharagwe na mboga ya dodo. Siku nyingine viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Wenzetu walinung'unika kwamba hicho ni chakula cha kijijini. Tukadai fedha, na mwajiri akakubali upesi. Jiko likafungwa. Tangu hapo, kengele ya mchana ikilia tunakimbilia chipsi na soda langoni. Siku hizi wanachama wengi wanaomba ruhusa ya kwenda kutibiwa presha na kisukari. Maradhi hayo yana sababu nyingi, lakini chakula ni mojawapo.

Jambo hili si geni. Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya upasuaji Mulago, aliona kuwa maradhi mengi ya matumbo yaliyowasumbua Wazungu kwao yalikuwa adimu hapa. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza kwamba chakula kilipita tumboni mwa wanakijiji wa Uganda kwa muda wa siku moja na nusu hivi, lakini kwa mabaharia wa Uingereza zaidi ya siku tatu. Tofauti ilikuwa nyuzinyuzi za mimea: maharagwe, mboga, nafaka isiyokobolewa.

Mwaka 2025 wataalamu wa Moshi na Uholanzi walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa Kilimanjaro, waliowashirikisha wanaume 77. Waliozoea ndizi, maharagwe na mboga walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili tu. Damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani, na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Waliozoea vyakula vya kizungu, wakarudishwa kwenye chakula cha asili, dalili hizo zilipungua. Baadhi ya nafuu hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye.

Basi katika mkataba ujao tunadai hivi: jiko lifunguliwe; unga usikobolewe; maharagwe na mboga za majani viwepo kila siku; karanga zichambuliwe, zenye kuvu zitupwe; chumvi ipunguzwe; maji safi yawepo; na mapumziko yatoshe mtu kula ameketi.

Mwajiri atasema tulitaka fedha wenyewe. Ni kweli, tulikosea, na tutamwambia hivyo. Nyongeza ya mshahara tutaidai mahali pake. Lakini mfanyakazi hana kitu cha kuuza ila nguvu za mwili wake, na mwili hujengwa na chakula. Tusione haya kudai maharagwe.