Mtoto anayependa injini si mtoto aliyeshindwa

“Usiposoma utaishia gereji.”

Kauli hiyo husikika katika nyumba nyingi, hasa siku ripoti ya shule inapofika na alama zake hazifurahishi. Baba huisema akiwa na karatasi mkononi, mama huitikia kutoka jikoni, na mtoto huinamisha kichwa. Kesho yake alfajiri gari la familia linagoma kuwaka, na mtu wa kwanza kupigiwa simu ni yule yule wa gereji.

Mtoto huona yote mawili. Anasikia ufundi ukitajwa kama adhabu, kisha anamwona fundi akisubiriwa kwa hamu kama daktari. Asichoelezwa ni kwamba ndani ya chuma kile kuna fizikia na kemia ile ile anayoikimbia darasani, na kwamba kuielewa kunataka jasho na uvumilivu.

Mzazi anayetaka kulieleza jambo hilo anaweza kuanza na habari za mtoto mmoja wa mhunzi wa Japani. Jina lake lipo leo kwenye pikipiki na magari dunia nzima: Soichiro Honda.

Mtoto wa mhunzi

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alijiingiza pia katika kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Shuleni mtoto huyo hakuwa wa kusifiwa, lakini kwenye karakana ya baba yake macho yalimtoka.

Siku gari lilipopita kijijini kwao kwa mara ya kwanza, alilikimbiza kwa miguu. Lilipoacha matone ya oili chini, aliinama akainusa. Harufu ile alikuwa bado akiisimulia utu uzimani.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alimaliza shule na kwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alidhani siku ya kwanza angepewa spana. Badala yake alipewa ufagio, na mtoto mchanga wa mwenye gereji amlee. Miezi ikapita. Wenzake walikuwa chini ya magari, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Aliwaza kutoroka, lakini hakutoroka. Akiwa na ufagio wake alikuwa akiangalia injini zikifunguliwa na kufungwa, na siku kazi zilipozidi, mwenye gereji alimwita aje kusaidia.

Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa liliiharibu Tokyo na moto ukaiteketeza gereji ile. Mafundi wengi walirudi makwao. Honda alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki, na kwa sababu watu walikuwa wachache, kila kazi ilimpitia mkononi. Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, alikabidhiwa kufungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa fundi wa magari, hilo si fumbo.

Injini inafanya nini?

Ili kuelewa kilichompata Honda baadaye, ni lazima kwanza kujua kinachoendelea chini ya boneti. Ni jambo ambalo mzazi anaweza kumweleza mtoto wa darasa la tano kwa dakika kumi.

Injini ya petroli ina matundu ya mviringo yanayoitwa silinda. Magari mengi ya familia yana silinda 4, mengine 3 au 6. Ndani ya kila silinda kuna pistoni, kipande cha chuma chenye umbo la kopo lililofunikwa, kinachopanda na kushuka. Pistoni hiyo hufanya kazi nne kwa zamu.

Kwanza, inavuta. Pistoni inashuka, valvu ya kuingizia inafunguka, na hewa iliyochanganyika na petroli inaingia. Hewa ndiyo nyingi: kilo 1 ya petroli inahitaji takribani kilo 15 za hewa ili iungue vizuri.

Pili, inabana. Valvu zote zinafungwa, pistoni inapanda na kuubana mchanganyiko ule hadi ubaki kwenye nafasi ndogo, kama sehemu moja ya kumi ya ile ya awali.

Tatu, inalipuka. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, na gesi yenye joto kali inaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hii ndiyo kazi pekee kati ya nne inayolipeleka gari mbele.

Nne, inatoa. Valvu ya kutolea inafunguka, pistoni inapanda tena na kuusukuma moshi nje. Kisha mzunguko unaanza upya.

Pistoni zimeungwa na shafti nzito iliyopindapinda, ambayo mafundi huiita kranki. Hiyo ndiyo inayogeuza panda-shuka kuwa mzunguko, kama miguu inavyozungusha pedeli za baiskeli. Kutoka hapo nguvu inakwenda kwenye gia, kisha kwenye matairi.

Mtu aliyeiwezesha injini ya aina hii kufanya kazi vizuri ni Mjerumani Nikolaus Otto, mwaka 1876. Injini za dizeli, kama za malori na mabasi, hufuata hatua hizo hizo nne, ila hazina plagi za kutoa cheche. Zinaibana hewa kwa nguvu zaidi hadi inapata joto la kutosha kuiwasha dizeli yenyewe.

Hesabu yake humshangaza mtoto. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inalipuka mara 25 kwa sekunde. Kwa silinda 4, hiyo ni milipuko 100 katika sekunde moja. Na gari limekaa kimya, watu ndani wanasikiliza redio.

Ringi 3 kati ya 50

Pistoni haiwezi kubana sawasawa na ukuta wa silinda, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na ingekwama. Lazima pawe na upenyo. Lakini upenyo huo ukiachwa wazi, gesi inavujia chini na nguvu inapotea.

Dawa yake ni ringi: pete nyembamba za chuma zilizokatwa sehemu moja ili zinepe, zinazovikwa kwenye mifereji ya pistoni. Kwa kawaida ni tatu. Mbili za juu huzuia gesi isivuje, na ya chini hukwangua oili ili isipande kuungua. Zinapaswa kuwa ngumu zisilike, lakini ziwe na unepo zisivunjike. Ni kitu kidogo cha kutosha kupotelea mfukoni, ila bila hicho hakuna injini.

Katikati ya miaka ya 1930, Honda aliamua kuacha kutengeneza tu vitu vya wengine na kuanza kuunda vyake. Alichagua ringi. Gereji yake ilikuwa ikimwingizia pesa na alikuwa na mafundi chini yake. Alidhani kazi ile ingekuwa ya muda mfupi.

Haikuwa hivyo. Alikesha usiku baada ya usiku akiyeyusha chuma na kumimina kwenye kalibu, lakini ringi zilizotoka hazikufaa kitu. Alikuwa na bidii ya kutosha. Alichokosa ni elimu ya metali. Hatimaye alipeleka ringi yake kwa mwalimu wa shule ya ufundi ya Hamamatsu, akaambiwa kwamba chuma chake kina upungufu wa silikoni. Hakujua hata kwamba silikoni inahusika.

Hapo akafanya jambo ambalo mtu mzima mwenye gereji na waajiriwa wengi angeona aibu kulifanya. Alijiandikisha kuwa mwanafunzi, akakaa darasani na vijana wadogo kwake. Mchana alisoma, akitoka huko anarudi kwenye tanuri lake. Mitihani hakuifanya, na cheti hakupata, lakini somo alilolifuata alilipata.

Ringi zilianza kutoka. Alipopeleka 50 kwa kampuni ya Toyota zikaguliwe, zilizofaulu zilikuwa 3 tu.

Kwa kipimo cha shule zetu, hiyo ni asilimia 6. Honda alianza kuzunguka vyuo vikuu na viwanda vya chuma nchini mwake, akiuliza na kutazama wengine wanavyofanya. Ilimchukua karibu miaka miwili kufika mahali pa kutengeneza ringi zinazokubalika, na kiwanda chake kikawa kikiiuzia Toyota ile ile.

Hata hivyo mitihani haikuisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia sehemu ya kiwanda iliharibiwa kwa mabomu, na Januari 1945 tetemeko likaangusha sehemu nyingine. Aliuza kilichobaki. Mwaka 1946 akaanza upya kwa kufunga injini ndogo, zilizokuwa zikiendesha mitambo ya redio za jeshi, kwenye baiskeli za kawaida. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni yenye jina lake, na mwaka 1963 kampuni hiyo ikaanza kuuza magari. Alifariki mwaka 1991.

Bidii ya namna gani?

Wazazi wengi huwaambia watoto “ongeza bidii” na kuishia hapo. Habari hii inaonyesha kwamba neno hilo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kustahimili: ufagio, mtoto mgongoni, usiku kwenye tanuri. Sehemu ya pili ni kuuliza kosa liko wapi. Kwa miezi kadhaa Honda alikuwa na ile ya kwanza bila ya pili, na ringi zake hazikufaa. Mtoto anayerudia hesabu ile ile kwa njia ile ile isiyo sahihi mara ishirini naye ana bidii, lakini anahitaji mtu wa kumwonyesha silikoni yake iko wapi.

Wala habari hii haimwambii mtoto kwamba shule haina maana. Honda aliiacha shule akiwa na miaka 15, na ufundi wenyewe ukamrudisha darasani. Mtoto anayependa injini ana sababu zaidi ya kusoma hesabu na sayansi, siyo sababu ya kuziacha.

Jaribio la nyumbani

Chukua bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Mpe mtoto avute hewa, azibe tundu kwa kidole, kisha asukume. Atasikia hewa ikigoma na kumrudisha. Hiyo ndiyo hatua ya pili ya injini, kubana. Mwonyeshe mpira mweusi ulio kwenye ncha ya ndani: hiyo ndiyo ringi. Mpira ukichakaa, hewa inavuja na nguvu hakuna.

Kisha mpe pampu ya baiskeli ajaze tairi kwa haraka, na aguse sehemu ya chini ya pampu. Ina joto. Hewa ikibanwa hupata joto, na hivyo ndivyo injini ya dizeli inavyowaka bila cheche.

Kama nyumbani kuna gari, mpeleke kwenye boneti asubuhi, injini ikiwa imepoa na ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Mfundishe kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha na kusoma kiwango. Mwonyeshe chombo cha maji, na mweleze kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yake yanaweza kuruka na kumuunguza vibaya.

Mfundishe pia kusoma moshi. Moshi wa bluu kwa kawaida ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata joto huweza kuwa dalili ya maji kuingia kwenye silinda. Mtoto anayejua haya atakuwa wa kwanza kusema, “Baba, gari letu linakula oili,” na huenda akaokoa injini nzima.

Kauli ya kubadilisha

Nchini Tanzania, mtaala mpya wa sekondari sasa una mkondo wa amali, na vyuo vya VETA vimekuwa vikifundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi. Njia ipo kwa mtoto mwenye mkono wa ufundi, na haimtaki aache daftari. Kinachobaki ni neno linalotoka kinywani mwa mzazi.

Ripoti ijayo itakapofika na alama zake si nzuri, iweke mezani na uulize swali ambalo mwalimu wa Hamamatsu alilijibu kwa Honda: hapa kinapungua nini? Huenda ni usingizi, huenda ni miwani, huenda ni somo moja la mwaka juzi ambalo halikumwingia.

Na siku gari likigoma, usimfukuze mtoto fundi anapofika. Mpe tochi amshikie.